Maji ya Jasho Yalipoanza Kuwa Matamu

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, usihangaike. Mikasa yangu ya nyuma inaenea kiganjani.

Nilifukuzwa chuo cha ufundi kwa kumjibu mwalimu kwa beti mbili ambazo darasa zima lilizikariri kabla ya mapumziko. Nikachukuliwa na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliyetulea mimi na dada yangu tangu tukiwa wa kubebwa. Akaniingiza kiwandani anakofanya kazi, tunakoyeyusha alumini chakavu na kumimina sufuria. Nikaungua mkono, nikapona. Halafu baba mdogo akapatikana na kisukari, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu Bosi wetu anajua dawa moja tu ya joto la tanuri: kreti za soda.

Soda kwa mwenye kisukari! Afadhali ungemsukuma ndani ya tanuri, angalau angejua nani kamsukuma.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Alimpima mzee figo na presha kwanza, kisha akanifundisha: maji safi, chumvi ya mezani, chumvi ya potasiamu ya duka la dawa, ndimu ya unga, na vipimo vyake kwa kijiko. Sukari, hata chembe, hapana. Kikombe kizima hakikuzidi bei ya kiberiti.

"Haya yanamrudishia elektroliti," aliniambia.

"Elektro nani?"

"Chumvi za mwili, kijana. Zile unazoziacha kwenye shati."

Mliniacha wiki iliyopita pale shemeji yangu, mume wa dada, aliposhika kikombe changu, akaonja, akasonya, kisha akatamka neno lililonivimbisha kichwa: "Hii ni biashara."

Shemeji huyo watu humwita Marashi. Anajipaka manukato mpaka nyuma ya masikio. Ukimpa mkono, unaondoka na harufu yake, na utanawa mpaka sabuni ikuonee huruma. Sikumpenda tangu siku ya posa. Lakini maji yale nilikuwa nayaonea fahari kama mtu anavyomwonea fahari mtoto wake wa kwanza, na mtu akimsifu mtoto wako, unasahau harufu yake.

Tukaanza kufunga unga kwenye pakiti ndogo, jikoni kwa dada.

"Shemeji," alisema Marashi siku ile ya kwanza, akitema kwenye sinki, "huu ni mkojo wa mbuzi."

"Umeshawahi kuunywa, eti?"

Dada alicheka mpaka tumbo likatikisika. Alikuwa na mimba kubwa, miguu imemvimba, anafunga pakiti huku ameketi, ndoo ndogo ameipindua chini ya nyayo zake.

"Cheka tu," Marashi akamwambia. "Hakuna mwenye duka atakayeuza kitu hiki. Tutie sukari kidogo. Kidogo tu, ya kuficha aibu."

Nikaacha kijiko.

"Sukari ikiingia humu, baba mdogo anatoka duniani. Umenielewa?"

"Nakutania, bwana! Mbona macho yanakutoka?"

"Usinitanie kwa roho ya mtu."

Basi akaapa. Hakuapa kwa mama yake, wala kwa macho yake. Aliuweka mkono juu ya tumbo la mkewe, akaapa kwa mtoto aliyemo ndani kwamba sukari haitagusa unga ule. Mpaka leo nikivikumbuka vidole vile vyenye mafuta juu ya tumbo la dada yangu, mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Lakini siku ile niliamini. Niliamini mpaka nikaiandikia pakiti maneno. Marashi alitaka iandikwe "Nguvu! Raha! Afya!" nikamwambia maneno hayo akayauzie viatu. Nikampa mishororo miwili, mizani imetimia, vina vimekaa:

Jasho likikukausha, viungo vikalegea,
Maji haya ni maisha, sukari hatukutia.

Dada aliisoma kwa sauti, akaikariri papo hapo. Nilitembea mpaka nyumbani miguu haigusi ardhi.

Sasa, kabla sijaendelea, lazima mjue sisi watu wa tanuri tunavyokunywa. Bila kujua hilo mtaniona mjinga, na ujinga ni kitu ambacho sikubali kubambikiwa.

Ukisimama mbele ya tanuri, jasho halikutoki, linakukimbia. Shati likikauka linakuwa gumu, lina ramani nyeupe mgongoni, unaweza kulisimamisha ukutani likasimama peke yake. Kwa hiyo ulimi unabadilika. Ukitoka kumimina, ukanywa maji ya chumvi, utayaona matamu. Naam, matamu, kwa sababu mwili umekauka chumvi na unaililia. Unaongeza kikombe. Unaongeza tena. Halafu kwa ghafla maji yale yale yanakuwa machumvi, yanakukera, na hapo unaweka kikombe chini. Umeshiba.

Hatuna kipimo kingine. Matamu, ongeza. Machumvi, acha. Baba mdogo alinifundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo, na nesi mwenyewe nilipomweleza alitikisa kichwa akasema si haba.

Pakiti za kwanza zilipokuja kiwandani, Marashi alizileta mwenyewe mpaka langoni, amejipulizia mpaka mlinzi akapiga chafya. Tulikuwa tumetoka kumimina sufuria za hoteli, zile ambazo mtu anaweza kuogea. Nyapara wetu, tunayemwita Kengele kwa sauti yake, akawa wa kwanza kuchanganya.

Akanywa. Akatoa macho.

"Jamani! Tamu!"

"Tamu kama nini?" wakamuuliza.

"Kama kumwona mama mkwe anafunga mizigo."

Kicheko. Kikombe ni kimoja tu pale tanurini, kikombe cha bati ambacho ukingo wake umeshika mafuta ya midomo ya watu wote, na ndani mwake hukosi kuona unywele wa mtu. Kikazunguka. Kila aliyekunywa akasema tamu. Kilipofika kwangu nikanywa, nikaona tamu, nikajiambia: kumbe leo nimekauka hivi! Nikaongeza.

Baba mdogo alikunywa amefumba macho. Hakukishusha kikombe mpaka kikaisha.

"Mwanangu," akasema, "safari hii umeyapatia."

"Nikuongeze?"

"Niongeze. Ulimi unasema bado."

Wasomaji wangu, ulimi haukusema basi. Sio siku ile, wala siku zilizofuata. Tulikunywa, tukangoja yageuke machumvi, yasigeuke. Kila mtu akasema joto limezidi. Wengine wakasema Bosi amebadilisha makaa. Mimi nilijua zaidi ya wote, au nilidhani najua: nilisema tunapoteza chumvi kuliko zamani, na nikawashauri waongeze.

Mimi. Kwa kinywa hiki.

Bosi akaziondoa kreti za soda, akafurahi. Kengele akawa anamkaribisha Marashi kwa saluti. Baba mdogo akawa anabeba pakiti mpaka nyumbani, mfukoni, kama peremende.

Halafu akaanza kukimbilia chooni.

"Mzee," Kengele akampigia kelele, "umehamia huko? Tukuletee kitanda?"

"Tanuri nimewapangishia nyie!" akajibu kutoka ndani.

Tukacheka. Mama wa usafi peke yake hakucheka. Alitoka chooni na ufagio, amekunja uso.

"Nani kati yenu anamwaga soda humu?"

"Soda zimeondolewa, mama."

"Basi njooni mwone."

Nilikwenda nikaona. Sisimizi walikuwa wameufunika mfereji wa mkojo, weusi tii, wamepanda mpaka ukutani, wanakunywa. Harufu ilikuwa nzito, kama chupa ya juisi iliyosahaulika juani. Nikajifunika pua kwa shati, nikatoka mbio, nikatema, nikasema wanaume wa kiwanda hiki ni wachafu. Ndivyo nilivyosema. Sikuuliza sisimizi wanatafuta nini kwenye mkojo wa watu.

Siku iliyofuata tulikuwa tunabeba chungu cha kuyeyushia, kimejaa. Kinabebwa na watu wawili, kila mmoja na mpini wake mrefu. Mimi mbele, baba mdogo nyuma. Kazi hii haitaki maneno mengi. Unamsikia mwenzako kupitia kwenye mpini.

Nikasikia mpini unatetemeka.

"Baba?"

"Twende," akasema. Sauti imekauka kama karatasi.

"Tutue?"

"Nimesema twende!"

Goti lake likakunjika. Nilihisi uzito wote unakuja nyuma, nikapiga kelele, nikakivuta chungu upande wa mchanga kwa nguvu zangu zote. Alumini ikamwagika, nyeupe, inang'aa, ikala mchanga mpaka karibu na kiatu chake. Kengele akaruka akamshika mzee kwapani, akamburuta.

Nikainama kumtazama usoni. Midomo imepasuka. Pumzi zake zilikuja juu juu, za haraka, na zilinuka matunda yaliyooza. Yule ni mtu aliyenilea. Na mimi, Mungu anisamehe, nilirudisha uso nyuma.

"Maji," akanong'ona.

Na mimi nikamchanganyia pakiti nyingine. Nikamwinua kichwa. Nikamnywesha.

Kliniki walimtoboa kidole, wakaweka tone kwenye kimashine. Nesi akakitazama, akakifuta, akamtoboa kidole kingine. Kile kimashine hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita mahali kinapoweza kuhesabu.

"Amekunywa nini?"

"Maji yako," nikasema. "Maji yako tu, nesi. Soda ameacha kabisa."

"Maji yangu hayafanyi hivi."

"Ndiyo hayo hayo! Nimempa mwenyewe, kwa mkono huu."

"Na chakula?"

"Mboga tupu. Amekonda, si unamwona?"

Akaagiza dripu, akaagiza sindano, akazungukazunguka bila kunitazama. Kisha akaninyooshea mkono.

"Nipe hiyo pakiti."

Akaipasua. Akamwaga unga kidogo kwenye kiganja changu.

"Onja."

"Nimeshaonja kila siku."

"Umeonja wapi?"

"Tanurini."

"Ukiwa na jasho?"

Chumba kile kilikuwa na feni. Nilikuwa nimekaa humo muda mrefu, nimeshapewa maji ya bomba, shati limenikauka.

"Sasa hivi huna jasho," nesi akasema. "Onja."

Nikalamba.

Sukari.

Ilikuwa sukari waziwazi, ya kukwaruza meno, ya kunata kwenye fizi, chumvi iko mbali huko nyuma kama mtu anayeomba msaada nje ya dirisha. Mtoto wa chekechea angeijua. Kipofu angeijua. Watu pekee duniani wasioweza kuijua walikuwa sisi, watu wa tanuri, ambao kwetu utamu ni dalili ya njaa ya chumvi. Marashi hakuhitaji kutuficha kitu. Ndimi zetu wenyewe zilimfichia.

Nilikwenda kwenye sinki nikatapika.

"Wangapi wanakunywa hii?" nesi akauliza nyuma yangu.

"Kiwanda kizima. Na madukani."

"Namwita bwana afya. Usiende mbali."

Nilikwenda. Nilikimbia mpaka kwa dada.

Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Gunia la sukari lilikuwa limekaa katikati, mdomo wazi, kama mgeni rasmi. Dada ameketi mbele ya beseni, anakoroga unga kwa mwiko. Joto la jiko lilikuwa limemtoa jasho. Nikaona tone linamtoka puani, linaning'inia, linaanguka ndani ya beseni. Akakoroga.

"Dada, unachanganya nini?"

"Salamu hakuna siku hizi? Si unga wenu."

"Na hilo gunia?"

"Sukari." Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Si mlikubaliana? Alisema umekubali, ila kiasi tu."

Marashi akatoka chumbani, taulo shingoni, manukato yamemtangulia.

"Shemeji! Karibu, keti."

"Baba mdogo yuko kliniki. Kimashine kimeshindwa kusoma sukari yake."

Mwiko ukamwanguka dada.

"Pole sana," Marashi akasema. "Lakini na mzee naye. Nani alimwambia anywe pakiti zote hizo? Kila kitu kina kiasi."

"Pakiti imeandikwa haina sukari!"

"Umeandika wewe."

Aliyasema bila hasira, kama anayenikumbusha nimesahau mwavuli.

"Uliapa," nikamwambia. "Uliapa kwa mtoto."

"Niliapa siku ile. Na siku ile sikutia." Akajifuta shingo. "Wenye maduka walizikataa zote, shemeji. Walizitema mbele yangu. Ungetaka nifanye nini? Nikatia kidogo, zikaondoka. Nikaongeza, zikaondoka mbio. Halafu mwenyewe ukasimama tanurini ukasema tamu! Nimeambiwa na Kengele. Nikasema moyoni, kumbe kijana ameshajua, ananyamaza kiungwana."

"Mimi ninyamaze kiungwana?"

"Sisi sote ni watu wazima."

Nilimshika fulana. Ngumi yangu ilikuwa imeshakunjwa. Wanaonijua wanajua siogopi kupiga wala kupigwa. Kilichonizuia hakikuwa huruma, kilikuwa kinyaa. Shingo yake ilikuwa inateleza, na nikafikiri: nikimpiga, nitabaki naye mkononi. Nikamwachia, nikajifuta kiganja ukutani.

Dada alikuwa amesimama, anamtazama mumewe.

"Uliniambia kaka kakubali."

"Ungekubali kufunga pakiti kama ungejua hajakubali?"

Dada alivaa viatu kwa shida, akaniambia, "Nipeleke kwa baba."

Tulitembea polepole, ameniegemea. Tulipofika nusu ya njia akaanza.

"Bwana afya akikuuliza, utasema nini?"

"Kilichotokea."

"Utamtaja?"

"Kwani ana jina la siri?"

"Watamfunga, kaka. Mtoto akizaliwa nimwambie baba yake yuko wapi?"

"Mwambie yuko anakostahili."

"Rahisi kwako. Wewe unalala na karatasi zako."

Niliumia, lakini nikamshika vizuri zaidi, kwa sababu alikuwa analia na kila hatua ilikuwa inamuuma miguuni. Mbele ya mlango wa kliniki akajifuta uso kwa ukosi wa shati langu, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo.

Baba mdogo alikuwa macho. Dripu mkononi, macho yameingia ndani, lakini anatujua. Dada akaketi kwenye kiti kando ya kitanda, akavivua viatu. Nikaona miguu yake imejaa alama za mikanda ya viatu.

"Baba," nikamwambia, "tumedanganywa. Marashi alitia sukari. Kwenye zote."

Hakushtuka. Akatazama dari.

"Najua."

"Umeambiwa na nesi?"

"Nilijua zamani."

Nilidhani ni homa inasema.

"Ile siku ya mapumziko," akaendelea, taratibu. "Nilikuwa nyumbani nimelala, sina jasho lolote. Nikatamani maji ya ndimu, nikapasua pakiti. Nikaonja. Sukari tupu. Nikajua."

"Ukanyamaza?"

"Nikanywa."

Dada akajishika mdomo.

"Tangu niambiwe nina ugonjwa huu," baba mdogo akasema, "mnanichungulia sahani. Mnanipekua mifuko. Mnanilisha majani kama ng'ombe wa kufugwa. Chai yangu chungu, uji wangu chungu, maisha yangu machungu. Halafu kitu kitamu kinakuja chenyewe, kimeandikwa hakina sukari, na mwanangu mwenyewe ananishikia kikombe. Ningesema nini?"

"Ungesema hapana!"

"Sikutaka kusema hapana."

"Ungekufa, baba."

"Ningekufa nimefurahi."

"Na mimi ningeishi naitwa muuaji! Mikono hii ndiyo iliyokunywesha! Na Kengele? Na wale wenye maduka? Kuna wagonjwa wangapi huko wanaosoma pakiti wakaiamini?"

Akageuza uso ukutani. Nilikuwa nimeegemea kitanda cha mtu niliyempenda kuliko wote, na kile kinyaa cha jikoni kikanirudia. Nilikuwa nimekiweka chote kwa Marashi. Sasa sikujua pa kukigawa.

Baadaye akanishika kiganja. Chake kilikuwa kikavu, kinakwaruza.

"Nisikilize. Bwana afya anakuja. Dada yako ana mtoto tumboni. Wewe huna mke, huna mtoto. Sema ulikosea vipimo. Watakufokea, watakupa onyo, yataisha."

"Nikosee vipimo? Mimi?"

"Ni maneno tu."

"Gunia zima la sukari haliingii kwa kukosea vipimo, baba. Kitu kimoja safi nimekifanya tangu nifukuzwe chuo. Kimoja! Mnataka nikitemee mate mwenyewe?"

"Punguza sauti," dada akasema.

"Sipunguzi."

Mlango ukafunguliwa. Nesi, na nyuma yake bwana afya, mtu mnene mwenye miwani iliyofunga ukungu kwa joto. Mkononi ana pakiti yetu.

"Mzee, pole. Unaweza kujibu mawili matatu?"

"Naweza."

"Hii ulikunywa ukijua ina sukari?"

Baba mdogo akanitazama. Akamtazama dada, akalitazama tumbo la dada.

"Sikujua."

"Nani alikuwa anakuchanganyia?"

Mkono wenye dripu ukainuka. Mrija ukainuka nao. Kidole kikanielekea.

"Huyu."

"Na unga wenyewe?"

"Ni wake. Yeye ndiye aliyeutunga."

Jibu moja la uongo, mengine mawili ya kweli tupu, na yale ya kweli ndiyo yalinuka zaidi.

Bwana afya akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama vizuri.

"Kijana, ni kweli?"

Nesi alisema, "Huyu nimemwona anatapika alipoonja. Hakuigiza."

"Sikuulizi wewe, nesi. Nakuuliza wewe kijana."

Ningeweza kuyameza maneno yangu. Watu wawili tu niliobaki nao duniani walikuwa wananiomba niyameze, mmoja kwa kidole, mwingine kwa kunyamaza. Nikafikiria mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, ametoka jasho, ana kisukari, anaipasua pakiti yangu kwa imani.

"Kuutunga nilitunga," nikasema. "Kumnywesha nilimnywesha. Lakini sukari imetiwa na mume wa dada yangu. Gunia liko jikoni kwake, mdomo wazi, na beseni lina unga uliokwisha kuchanganywa. Twende sasa hivi mkaone kwa macho yenu."

Baba mdogo akatoa sauti ndogo kooni.

"Twende," akasema bwana afya. "Kama lipo, lipo."

"Dada," nikageuka, "usije, miguu yako..."

Kiti kilikuwa kitupu.

Viatu vyake vilikuwa bado vipo chini, kimoja kimelala ubavu. Nikaenda dirishani. Alikuwa ameshavuka uwanja wa kliniki, pekupeku, mkono mmoja ameushika chini ya tumbo, dada yangu ambaye tulipokuja hakuweza hata kutembea bila kuniegemea. Anakimbia kuelekea kwake, kwenye lile gunia, na hakugeuka nyuma hata nilipomwita.